Magurudumu ya Nyuma

Jumanne, 3 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo saa nne asubuhi, na katikati ya mvua likaingia gari la Aber, mwanamke muuza samaki, likivutwa kwa kamba na pikapu ya matofali. Ni Daihatsu ndogo nyeupe, fupi, imesimama kama kabati, ya zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Ilikufa kwenye kilima akitoka na samaki wake Ggaba, ufukweni mwa ziwa. Nilipofungua nati ya chini ya difu ya mbele, lile sanduku la meno linalogeuza magurudumu, oili ilitoka pamoja na chembe za chuma nyingi kama mchele.

"Fundi yuko wapi?" mwenye gari aliuliza, nami nimelala chini ya gari lake.

"Ni mimi."

"Nauliza fundi mwanaume."

Mumewe ndiye aliyeona haya kwa niaba yake. Anaitwa Ojok. Zamani alikuwa askari jeshi, sasa anasimamia walinzi katika kampuni moja ya ulinzi. Mtu mpana, sauti ya chini, viatu vinang'aa hata kwenye matope ya gereji yetu. Alichuchumaa ili aone uso wangu. "Samahani, Mama. Bibi yangu mdomo yake ni ya sokoni. Wewe tengeneza tu." Baadaye akatuma soda, moja yangu, moja ya Bonny, fundi mwenzangu.

Naanza kuandika kwa sababu leo imetimia miaka sita tangu mume wangu Valère apigwe risasi kwenye barabara ya Fizi, kule kwetu, na sitaki kukaa nikitazama ukuta. Mwanaume mwenye adabu kama Ojok humkumbusha mjane alichopoteza. Mke wake simpendi.

Ijumaa, 6 Septemba

Mvua. Binti yangu Exaucée ana mafua. Kazi ya leo ni pancha tu.

Jumatatu, 9 Septemba

Bonny ameleta difu ya pili kutoka mjini. Ile aliyoileta Alhamisi ilikuwa na meno mawili yaliyovunjika. Hii ya leo inayumba ikizunguka kama imelewa. Mzee Tajudin, mwenye gereji, aliitazama akatikisa kichwa. Babu zake walikuja huku na misafara ya biashara kutoka pwani, na mpaka leo anasema Kiswahili kama anatoa hotuba ya Ijumaa.

"Binti yangu, usihangaike tena. Mbele kumekufa, na kuzikwe. Gari lisukumwe na nyuma peke yake."

Nikawachorea Aber na mumewe kwenye kipande cha katoni. Injini inaipa gia nguvu, gia inaigawa mbele na nyuma kwa kigawanyo cha katikati. Nikikifunga kile kigawanyo cha katikati, kisha nikatoa shafti ya mbele na ekseli mbili zinazozungusha magurudumu ya mbele, nguvu yote itakwenda nyuma.

"Itapanda kilima ya Ggaba?" Aber aliuliza.

"Itapanda. Lakini kwenye matope itatupa mkia. Itabidi ujifunze kuiendesha upya."

"Mimi sina nafasi ya kujifunza. Samaki inaoza."

"Fundi amesema. Wewe sikia," Ojok alisema huku akicheka, akamshika mkewe shingoni kwa nyuma. Nikadhani ni mapenzi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimetoa shafti ya mbele na ekseli zote mbili. Hapa ndipo mafundi wa haraka huua watu. Ekseli ikitoka yote, beringi ya gurudumu inabaki bila kitu cha kuibana. Gari litatembea siku mbili tatu vizuri kabisa, kisha gurudumu litafunguka na kwenda zake. Kwa hiyo unalifungua jointi la nje, unabakiza kile kipande kifupi cha mwisho, unakirudisha ndani ya gurudumu na kukaza nati yake kwa nguvu zako zote. Hakivuti kitu tena. Kazi yake ni kushika.

Bonny, ambaye huniita nnyabo, yaani bibie kwa Kiganda, aliuliza, nami napenda kuulizwa, nikamweleza kwa sauti ya mwalimu.

"Kwa hiyo nnyabo, haka kadogo ndiyo kanashika mutu asikufe balabalani?"

"Ndiyo. Katoe, umemzika."

Tulicheka wote. Ojok alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akinywa soda yake, naye akacheka.

Jumatatu, 16 Septemba

Mvua mpaka saa nane. Nimekifunga kigawanyo cha katikati. Bado breki.

Alhamisi, 19 Septemba

Nitaandika yote kama nilivyoona.

Bonny alifungua mlango wa ile Daihatsu kwa haraka, ukagonga nguzo. Ukapata mkwaruzo wa urefu wa kidole. Ojok alikuwa amekuja kuona kazi imefika wapi. Hakupaza sauti. Alivua saa yake akaiweka juu ya boneti, akaokota spana ya magurudumu, akampiga Bonny gotini. Bonny alipoinama kulishika goti, akampiga mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika. Kisha akaanza na kiatu, mbavuni, taratibu, bila hasira yoyote usoni, kama mtu anayeshindilia udongo. Bonny alikuwa akimlilia mama yake kwa Kiganda kwamba anakufa. "Maama! Maama, nfa!" Ana miaka ishirini na tisa, baba wa watoto wawili, amelala kwenye matope akimwita mama yake.

Nilimdaka Ojok mkono. Aligeuka, akanitazama kwa tabasamu lile lile la siku ya soda.

"Mama, usiingie. Hii ni masomo."

Akamalizia masomo yake. Akavaa saa.

Mzee Tajudin akatoka ofisini. Nikasema moyoni, sasa atasema. Akasema, "Afande, keti upumzike," akamletea kiti. Nimemheshimu mzee huyu miaka minne. Leo nilitamani kile kiti nikivunjie kichwani kwake.

Aber alikuwa kwenye lango. Hakupiga kelele, hakushangaa. Alikuwa akitazama chini, pembeni, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Ijumaa, 20 Septemba

Bonny hakuja. Amepoteza meno mawili, na goti limevimba kama papai.

Jumanne, 24 Septemba

Gari limekamilika. Nilikwenda na Aber kwenye kiwanja kitupu cha upande wa Kansanga, kulijaribu kwenye matope. Nilimwambia, "Zamani mbele kulikuwa kunakuvuta kutoka taabuni. Sasa hakuna wa kukuvuta. Ukikanyaga mafuta kwa hasira huku usukani umekata kona, nyuma itakuja mbele. Kanyaga kama unakanyaga mayai."

Mara ya kwanza alikanyaga kama anaua nyoka. Gari likazunguka nusu duara, matope yakaruka mpaka juu ya paa, nami nikagonga kichwa kwenye kioo. Aber akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Ana kicheko kikubwa cha mwanamke mnene, wakati yeye ni mwembamba. Akarudia, akarudia tena, na mara ya sita alipita kiwanja chote bila mkia kuyumba.

Alipogeuza usukani mkono wa blauzi ulipanda. Kuanzia kiwiko kwenda juu kuna alama za mraba, moja kando ya nyingine. Zimeachwa na chuma cha kufungia mkanda wa jeshi.

Aliona nimeona. Akashusha mkono wa blauzi.

"Siku ile nilikuuliza fundi mwanaume," alisema, "ni kwa sababu yeye alikuwa nyuma yangu. Nikiongea vizuri na mtu, nyumbani ananiuliza tunajuana wapi."

Nimemchukia mwanamke huyu wiki tatu nzima kwa kosa la kuogopa.

Jumamosi, 28 Septemba

Gari liliondoka jana. Asubuhi lilipita hapa limejaa ndoo za samaki, likapiga honi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Bonny amerudi, anachechemea. Hacheki tena. Nati ambayo angeifungua kwa vidole sasa anaipiga nyundo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua kubwa. Ukuta wa jirani umeanguka.

Aber alikuja na gari saa tano, akashuka akijishika ubavu. Hawezi kuvuta pumzi mpaka chini. Nilimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha basi tunachotumia kama benchi. Akaniambia bila kulia, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kama mtu anayeeleza bei ya samaki ilivyopanda.

"Dada, mimi nimechoka na ye. Nimepata chumba Ggaba, karibu na mwalo, pale mitumbwi inashusha samaki. Nitahama mwisho wa mwezi. Lakini gari ikilala nyumbani atachukua. Anasema gari ni yake sababu mimi mwenyewe ni yake. Acha ikae hapa. Nitakuja kila asubuhi kuchukua."

"Kitabu cha gari kina jina la nani?"

"Langu. Nimeshona ndani ya mto."

Mzee Tajudin alikubali gari lilale hapa. Alikubali bila kunitazama.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hakuna jipya. Aber anakuja asubuhi, anarudi jioni, ubavu unapona polepole. Mvua haikati.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo saa sita Bonny alikwenda kula, Mzee alikwenda kuswali. Ojok akaingia. Alileta soda moja, akaifungua mwenyewe kwa meno, akaniwekea juu ya meza ya kazi.

"Mama, ile kitu kadogo ulifundisha Bonny. Ile ya kushika gurudumu."

Niliendelea kufuta spana.

"Toa ya kulia. Funga kifuniko vizuri, isionekane. Atapanda Ggaba, atashuka Ggaba. Gari mbovu, mvua mingi, barabara mbaya. Nani ataulizwa?"

Aliyasema haya kwa sauti ile ile ya kuomba radhi ya siku ya kwanza. Nikajifanya sijaelewa. Akacheka kidogo.

"Umeelewa. Wewe ni fundi mzuri. Pia uko mkimbizi hapa, na mtoto wako anasoma pale juu, anavaa sweta ya kijani. Mimi najua watu wengi. Wiki moja."

Alipoondoka niliimwaga ile soda.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwambia Mzee Tajudin. Alisikiliza tasbihi ikitembea mkononi, na ilipofika nusu ikasimama.

"Binti yangu, mwambie huyo mwanamke aliondoe gari lake hapa. Ugomvi wa mtu na mkewe hauamuliwi gerejini."

"Mzee, si ugomvi. Ameniambia niue."

"Nimesikia. Nina wajukuu saba katika nyumba hii."

"Mimi nina mtoto mmoja," nikasema, nikatoka. Mzee ni mwoga. Naliandika neno hilo lote, herufi baada ya herufi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemwambia Aber. Alikuwa anapanga ndoo. Hakusimama.

"Najua," alisema. "Mwaka jana alikuwa anataka gesi ya jikoni ifanye hiyo kazi."

Nikamwinulia gurudumu la kulia kwa jeki, nikalifungua mbele ya macho yake, nikamwonyesha kipande kiko mahali pake na nati imekazwa. Tumekubaliana kila asubuhi nitafungua na kumwonyesha kabla hajaondoka.

Exaucée nimempeleka kwa dada yangu Reine, ng'ambo ya mji. Sweta ya kijani nimeiacha nyumbani.

Jumanne, 22 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Ojok alikuja saa nne asubuhi, wiki yake haijaisha. Akauliza, "Umefanya?" Nikasema, "Bado." Akanishika kifundo cha mkono wa kulia, akauingiza mkono wangu katika jiliwa langu mwenyewe, lile ninalobania vyuma, akazungusha mpini. Aliuzungusha polepole, akinitazama machoni. Niliapa sitalia. Nililia. Vidole viwili vya mwisho vilivunjika kimoja baada ya kingine, na sauti yake ni ndogo kuliko unavyodhani.

"Jumamosi," alisema, akafungua jiliwa.

Bonny alikuwa nyuma ya lori, alisikia yote. Alitoka baadaye na kitambaa, akanifunga vidole, machozi yakimtiririka. "Nnyabo, mimi siku moja nitamuua huyu mutu." Nikamwambia asiseme hivyo. Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tulikwenda polisi, Aber na mimi. Tumeandikisha. Wamesema watamwita.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua ilinyesha kuanzia jana mpaka alfajiri. Uwanja wa gereji ulikuwa uji mwekundu. Saa tatu Ojok akaingia, bila sare, akapita moja kwa moja hadi ofisini, akatoka na ufunguo wa gari. Mzee Tajudin alikuwa amempa.

Akanijia kwenye meza ya kazi. "Ile kitu bado iko ndani?"

"Iko. Na itabaki."

Alinipiga kofi, kisha ngumi. Nikaanguka kwa ubavu wa mkono mbovu, na kwa muda dunia ikawa nyeupe tupu. Nilipoona tena, alikuwa ndani ya gari, injini inawaka, na Aber amesimama katikati ya lango. Alikuwa amekuja kuchukua gari lake, kama kila asubuhi.

"Ojok, gari ni yangu. Shuka."

Hakukimbia. Mwanamke aliyetazama pembeni siku ya Bonny, leo alimtazama mumewe usoni.

Ojok akalielekeza gari kwake na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Yeye alilizoea gari lile zamani, lilipokuwa likivuta mbele. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwenye ule uji, mkia ukatoka kwa kasi, gari likageuka lote ubavu na kuibamiza nguzo ya lango. Lilimkosa Aber kwa urefu wa mkono.

Akashuka, damu ikimtoka kwenye paji, spana ya magurudumu mkononi. Alimkamata Aber kwa nywele, akamvuta magotini. Pigo la kwanza begani. La pili Aber aliinua mkono kujikinga, mfupa ukakatika, mkono ukajikunja pasipo kiwiko. Akainua la tatu, na lile lilikuwa la kichwa.

Mimi nilikuwa na mkono mmoja na mdomo. Ningeweza kulia "Nisaidieni!" Watu wa Kisugu, mtaa wetu, husikia "nisaidieni" kila siku na kuongeza sauti ya redio. Nikalia neno lingine, lile la Kiganda ambalo kila mtu wa mji huu huliachia kazi.

"Mubbi! Mubbi! Mwizi wa gari!"

Waendesha boda wa stendi ya mbele walifika kabla sijavuta pumzi ya pili. Kisha wauza chapati, kisha watu nisiowajua. Waliona mwanaume, gari lililogonga, mwanamke chini. Hawakuuliza. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Alianguka, akainuka, akasema, "Mimi ni afande!" Wakamwangusha. Kulikuwa na mbao, na mnyororo wa pikipiki. Bonny alitoka nyuma akichechemea, ameshika ile ekseli ya mbele tuliyoitoa Septemba, na wale watu wakampisha kama bwana harusi. Alimpiga nayo gotini. Kisha mdomoni. Alikuwa amekumbuka mpangilio.

Nami nilifurahi. Lazima niandike hilo. Nilisimama na damu yangu mdomoni, kila pigo nikalisindikiza kwa moyo. Nilisema, mwingine. Nilisema, mwingine tena.

Ndipo mtu mmoja akaja na chupa ya petroli, na mwingine akiviringisha tairi kutoka kwenye rundo letu wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Uvira walipomchoma kijana mmoja mbele ya duka la baba yangu. Siku tatu nzima harufu haikutoka kwenye nguo zilizoanikwa. Niliposikia harufu ya petroli nikakimbia, nikamlalia Ojok. Wakanipiga mimi mgongoni. "Si mwizi!" nikalia. "Nimesema uongo! Si mwizi!" Hakuna aliyesikia. Neno la kwanza lilisikika mtaa mzima, la pili halikuvuka lango.

Aliyewazuia ni Mzee Tajudin. Alijipenyeza kwenye ule umati bila kofia, akasimama juu yetu, kanzu imeloa matope mpaka kiunoni.

"Mnanijua," alisema. "Baba yangu nimemzika mtaa huu. Mtu huyu si mwizi, ni mume wa mwenye gari, na ufunguo nimempa mimi kwa woga wangu. Mkitaka kuchoma mtu, anzeni na mimi."

Yule wa chupa akasema, "Mzee, toka." Mzee hakutoka. Petroli ikamwagwa, ikamlowesha yeye kifuani. Alifumba macho, midomo ikitembea. Hakuna aliyewasha kiberiti. Walitazamana, kisha mmoja akakumbuka pikipiki yake, mwingine akakumbuka abiria, na lango likawa tupu kama halikuwahi kuwa na mtu.

Aber alitambaa mpaka pale. Kwa mkono wake mmoja alivua kitambaa cha kichwa, akamfunga mumewe fuvu lililofunguka. Akakiweka kichwa chake mapajani, akaanza kusema naye kwa lugha yao.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nipo nyumbani kwa Reine. Vidole vimefungwa vijiti. Mgongo wote mweusi. Mzee Tajudin ametuma mtu na chungu cha biriani na ujumbe kwamba anaomba nimpe nafasi ya kuniomba radhi. Nimemrudishia chungu kimeoshwa, na jibu kwamba ameshaniomba.

Jumatano, 30 Oktoba

Ojok amekufa hospitalini saa tano asubuhi. Hakufumbua macho tangu Jumamosi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimekwenda kituoni mwenyewe. Askari kijana aliyekuwa zamu aliandika jina langu, akaandika umati wenye hasira, akaweka kalamu chini.

"Ni mimi niliyeanza," nikamwambia. "Nilijua si mwizi, nikasema mwizi."

"Mama, watu wote walipiga kelele. Aliyeanza hajulikani."

"Anajulikana. Amesimama mbele yako."

Alinitazama uso uliovimba, na vidole. Sijui ilikuwa huruma au uvivu. "Nenda nyumbani, Mama. Tukikuhitaji tutakuita." Bonny ameondoka Kampala tangu Jumapili. Mkewe anasema hajui aliko. Nilidhani namfahamu Bonny. Nilidhani najifahamu na mimi.

Jumamosi, 2 Novemba

Aber alikuja, mkono umo katika plasta mpaka begani. Hakuketi.

"Nani alisema mubbi kwanza?"

"Ni mimi."

Mvua ilianza kwenye mabati.

"Angeniua," alisema.

"Najua."

"Wewe hujui. Mimi niko na ye tangu nina miaka kumi na tisa. Alinitoa kambi. Alinibeba kwa mgongo siku ya homa. Hata hiyo ni ye." Alipangusa pua kwa plasta. "Sasa amekufa kama mwizi wa kuku. Ndugu zake wamepeleka mwili jana. Kule nyumbani kwao watu wanaongea. Wanasema mtoto wa yule mama aliuawa akiiba gari. Mama yake hatoki nje."

"Nitakwenda kumwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba hakuiba. Kwamba neno lilikuwa langu."

Alinipima kwa macho, muda mrefu, kama mara ya kwanza alipouliza fundi yuko wapi.

"Basi utaendesha wewe. Mimi nina mkono mmoja, wewe una moja na nusu."

Jumatatu, 4 Novemba

Tuliondoka jana alfajiri. Mlango wa kushoto umefungwa kwa waya, gari linavuta upande mmoja, lakini linakwenda. Kilomita zaidi ya mia tatu kwa vidole vitatu. Tulilala Gulu, na asubuhi tukaingia barabara ya udongo, mvua ikiwa nasi muda wote. Kwenye kila bonde mkia ulitaka kwenda njia yake. Nilikanyaga taratibu. Aber hakusema neno ila "kushoto" na "kulia".

Kaburi liko nyuma ya nyumba, udongo bado mbichi. Mama yake Ojok ni mwanamke mdogo, mgongo umenyooka. Anaitwa Acan. Aliketi kwenye mkeka ndani, wanawake wawili pembeni yake. Hajui Kiswahili, Aber alipiga magoti katikati yetu ili atafsiri.

Nikasema, "Mama, mwanao hakuiba kitu. Nililia mwizi nikijua ni uongo, ili watu waje. Wakaja. Nilitaka kuwazuia, nikashindwa."

Aber alitafsiri. Nilimwangalia mdomo wake, nikajua kwa jinsi ulivyotetemeka kwamba hakupunguza kitu. Yule mama aliuliza neno moja.

"Anauliza kwa nini."

Aber alijibu yeye. Hakusema mengi. Aliinua ile plasta, kisha kwa meno akapandisha blauzi ya mkono mzima, alama zikaonekana mpaka begani. Mama Acan alinyoosha kidole, akagusa alama moja, akagusa ya pili, akarudisha mkono mapajani. Akanitazama mimi vidole, uso. Wale wanawake wawili walikuwa wakilia kwa chini. Yeye hakulia.

Kisha akasema, polepole, na Aber akanigeuzia.

"Anasema ameshukuru kwa kumwondolea mtoto wake jina la mwizi. Atawaambia majirani. Anasema kukusamehe hawezi, kwa hiyo usimuombe. Anasema barabara ni ndefu, kwanza ule. Halafu uende, na usikanyage tena hapa."

Wakaleta maji ya kunawa, wakaleta mboga za porini zilizoungwa kwa ufuta, na viazi vitamu. Mama Acan mwenyewe aliisogeza sahani mbele yangu. Nilikula kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukunjiki, na hakuna aliyenikosoa. Yeye alikaa mbele yangu, akanitazama mpaka nikamaliza.